Bastola Chini ya Sweta

Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita 33 za kona, na katika masafa hayo mafupi msafiri hubadili majira. Huondoka juu alfajiri ya Julai, ukungu umeilalia mikaratusi na pumzi za watu zikionekana midomoni. Hupita Soni, maporomoko ya maji yakinguruma kando ya barabara. Kisha mlima humtua kwenye joto la tambarare. Kabla basi halijasimama njia panda, abiria wamekwisha kuvua makoti na masweta. Palikuwa na mmoja asiyevua.

Alikuwa mfanyabiashara wa mboga, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa milimani, aliyekuwa akipeleka kabichi, karoti na pilipili hoho Kariakoo na kurejea na fedha za wakulima. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni naye amefunga vifungo vyote vya sweta. Utingo alimpa pole. Mamantilie wa Mombo, ambaye kwake alikunywa chai kila safari, alimwambia, "Baba, homa ya vipindi si ya kuchezea. Kapime." Naye huitikia, hushukuru, humaliza chai yake, wala havui. Chini ya sweta, upande wa kulia wa kiuno, palikuwa na bastola.

Kisa cha kuinunua hakina ajabu. Aliwahi kuporwa usiku njiani mauzo ya malori mawili, na fedha zile hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa za watu waliomkabidhi mazao yao kwa neno la mdomo tu. Alizilipa kwa miaka miwili, kwa kuuza ng'ombe na kipande cha shamba la urithi. Baada ya hapo akaomba kibali. Maombi ya silaha huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa wamjuao mwombaji, kisha hupanda ngazi. Mtu huulizwa sababu yake, mwenendo wake, na mahali atakapoihifadhi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 iliyakaza zaidi yaliyokuwamo katika sheria ya 1991. Mfanyabiashara huyu alizipita ngazi zote, akakunjua fedha, akanunua bastola pana na nzito, ya namna ile wanayovaa askari, akiamini kuwa chuma kizito ndicho chenye kinga nzito.

Hakujua kuwa silaha ya kiunoni ina mabwana wawili: mkono, siku ya hatari, na kiuno, siku nyingine zote. Siku ya hatari huenda isifike kamwe. Kiuno hakikosi siku. Akiketi garini, kitako cha bastola humchoma ubavu. Akitembea, suruali humshuka upande mmoja. Akiinama kuinua tenga, umbo lote hujichora nyuma ya shati, mtutu na kitako, kama mtoto aliyefunikwa shuka akijifanya hayupo. Milimani jambo hilo halina taabu, kwani Lushoto mtu huvaa koti na asiulizwe. Taabu ni Mombo. Taabu ni Korogwe, na Dar es Salaam ndiyo zaidi.

Hayo ni ya mwili, na mwili huzoea. Lililomshinda kuzoea ni jingine. Watu walianza kujua. Vijana wapakiaji waliokuwa wakimtania kuhusu upara wake waliacha utani. Walimwamkia kwa adabu ambayo hakuiomba. Na siku moja alikwenda kumdai mtu deni la muda mrefu, deni dogo, lililokwisha kuwa kama mchezo baina yao wawili. Wakati wa mazungumzo mkono wake ulishuka kiunoni. Alikuwa anajikuna tu. Mdaiwa akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na fedha kamili, akazihesabu mbele yake bila kumtazama usoni. Mfanyabiashara alizipokea, maana atasema nini? Hata hivyo alipokuwa akisimulia habari hiyo miaka kadhaa baadaye alikuwa bado akiitaja ile fedha kama mtu anayetaja kitu alichoiba.

Ndipo alipoanza kuulizia bastola nyembamba.

Yafaa msomaji asiyeshughulika na mambo haya aelezwe kwamba unene wa bastola hutokana zaidi na namna risasi zinavyopangwa ndani ya kitako. Zikipangwa safu mbili zilizopishana, huingia nyingi, kumi na tano au zaidi, na kitako hunenepa. Zikipangwa safu moja, hubaki sita au saba, na chuma huwa chembamba kiasi cha kulala ubavuni kama kitabu kidogo cha dua. Viwanda vya ng'ambo vimeshindana mno katika jambo hili tangu mwanzo wa karne hii. Mwaka 2008 kampuni ya Ruger ya Marekani ilitoa bastola ya mfukoni ambayo bila risasi haifiki gramu 300. Mwaka 2015 Glock wakatoa ya risasi sita, yenye unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Mwaka 2018 SIG Sauer wakapata njia ya kuingiza risasi kumi katika unene unaokaribia huo huo, na wenye kupenda vitu hivi wakashangilia kama watu walioona mwezi wa Idd.

Lakini wamiliki hawakubaliani, na kuwasikiliza wakibishana ni kujifunza mengi kuhusu wao kuliko kuhusu chuma.

Mzee mmoja, mstaafu wa idara ya misitu, aliyeishi jirani na Soni na kumiliki bastola ya kizamani yenye mpini wa mbao, hakutaka hata kuishika ile nyembamba. Alisema wepesi wake ndio ubaya wake: bastola nzito huumeza mshtuko wa risasi, nyepesi humrudishia mpigaji wote kiganjani. Mtutu ni mfupi, alama za kulengea zimekaribiana mno, na kosa dogo la mkono hukua likawa kosa kubwa hatua kumi mbele. Kidole chake cha mwisho hakikupata pa kukaa, kilining'inia hewani. Kisha akatoa hoja ambayo wenzake hawakuijibu. "Silaha tamu kuibeba ni chungu kuipiga," alisema, "na mtu hafanyi mazoezi ya kitu kichungu. Basi atakuwa nayo miaka kumi, na siku akiihitaji itakuwa ngeni mkononi mwake kama ilivyokuwa dukani." Naye alikuwa na haki. Katika milima ile, kila bonde lina nyumba na kila mteremko una mtu anayelima. Pa kufanyia mazoezi hapapatikani kirahisi, na bei ya risasi humfanya mtu azihesabu.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara kuu chini alikuwa na maoni mengine kabisa, nayo yalitoka katika jambo ambalo wanaume wote waliomshauri hawakulifikiria: yeye havai mkanda. Kila ushauri aliopewa ulianza na suruali. Wengine wakamwambia aiweke mkobani, akawacheka. "Mkoba ndicho kitu cha kwanza anachokwapua mwizi. Nikiitia humo, nimemnunulia yeye." Chini ya gauni na khanga hapakai kitu ila kilicho chembamba, katika mshipi wa kitambaa aliojishonea mwenyewe. Kwake wembamba haukuwa anasa. Ndio uliofanya jambo liwezekane. Hata hivyo alikuwa na lalamiko lake. Bastola ndogo ina springi ngumu, na kuivuta nyuma sehemu ya juu ili kuikoki kulimtesa kidole gumba chenye baridi yabisi. Alishauriwa achukue ya kuzunguka, ambayo haivutwi. Akaipima chini ya gauni, akairudisha. Ile ya kuzunguka ina tumbo, alisema, na yeye tumbo analo tayari.

Kijana dalali wa vito, anayekwenda bonde la Umba, upande wa kaskazini wa milima, kutafuta yakuti, alitaka risasi nyingi, basi. Hakutaka kusikia la unene. Ni umri.

Na mfanyabiashara wa mboga? Yeye alitaka kitu kimoja, nacho hakikuwa usahihi wa shabaha wala wingi wa risasi. Alitaka kuvua sweta.

Ubishi huu una umri mrefu kuliko wanaoubisha, na umewahi kuingia hata katika riwaya. Mwaka 1956 msomaji mmoja wa Glasgow, Geoffrey Boothroyd, alimwandikia Ian Fleming kumlalamikia kuwa ile Beretta ndogo aliyompa jasusi wake James Bond haikumfaa mtu wa kazi ile. Mwandishi akakubali. Katika riwaya iliyotoka 1958 jasusi ananyang'anywa bastola yake na kupewa Walther PPK, nayo ni ndogo vile vile, ila yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo yule mzee wa Soni, pasipo kujua, alikuwa akibisha ubishi uliokwisha kumbadilishia silaha mtu asiyekuwapo duniani.

Lakini kwa wasomaji wa visiwani na pwani kuna jambo la karibu zaidi la kulitafakari. Silaha ya heshima kwetu ilikuwa ya kuonekana. Jambia la Kimanga halikufichwa; lilivaliwa mbele, katikati ya tumbo, ala yake imepindwa na kupambwa fedha, likitangaza nasaba ya mwenyewe kabla hajatoa salamu. Upanga ulining'inizwa begani. Aliyekutana na mtu kama huyo alijua amekutana na nani, na mwenye silaha alijua kuwa anajulikana. Katika kujuana huko mlikuwamo adabu, na mlikuwamo pia vitisho, hilo halikanushiki. Ila vilikuwa vitisho vya mchana.

Milimani Usambara mambo hayakuwa mbali na hayo. Mbega, mwindaji aliyetoka Ungulu, ambaye uzao wake ndio Wakilindi waliotawala Usambara, husimuliwa kuwa aliingia nchi ile na mbwa na mikuki, akiua nguruwe waharibuo mashamba na kuwagawia watu nyama. Silaha zake kila mtu aliziona, na kila mtu alijua zimeua nini. Aliyeyaandika mapokeo hayo kwa Kiswahili ni mtu wa pwani, Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwaka 1895. Bunduki zilipofika, nazo ziliwekwa mbele ya macho. Richard Burton, aliyepanda Vugha Februari 1857 kumzuru Kimweri ye Nyumbai, aliandika kuwa mfalme yule alikuwa na wapiga bunduki wapatao 400 aliowaita Waingereza wake. Jina hilo si la kitu cha kufichwa.

Bunduki zile zilikuwa za gumegume na mfano wake, ndefu kuliko mtoto wa miaka kumi, za kushindiliwa baruti kwa mdeki na kupasuka kwa moshi wa kuonekana ng'ambo ya bonde. Tena ndizo zilizoipindua milima. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara ya Pangani, na aliyekaa njiani ndiye aliyepata bunduki na baruti kwanza, kwa pembe na kwa watu waliouzwa. Miaka michache baadaye aliivamia Vugha yenyewe na kumwondoa Shekulwavu, mrithi wa Kimweri. Mtu akisimama leo Irente na kutazama chini ya jabali, Mazinde iko pale miguuni, bapa na kavu, wala haifanani na mahali palipoweza kuushinda mlima. Bunduki ndiyo iliyoyafanya hayo, nayo ni bunduki ambayo kila mtu aliisikia.

Kisha ukaja mkataba wa Brussels wa Julai 1890. Dola za Ulaya zilikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi 22 kusini; kwa biashara yaliruhusiwa magumegume yasiyo na mistari ndani ya mtutu. Mlango mdogo uliachwa kwa mtu binafsi mwenye dhamana, apewe ruhusa ya silaha yake mwenyewe ya kujilinda. Msomaji atajua mlango ule ulikuwa wa kimo cha nani. Hivyo ndivyo vilivyotengana viumbe viwili ambavyo hata leo havijakutana: gobore la mwenyeji, refu, lenye kelele, la kufukuzia nyani na nguruwe shambani, na silaha fupi ya Mzungu, ya kujilinda, ikaayo mfukoni.

Kwa kweli ile silaha ya mfukoni ilizaliwa katika miaka ile ile ambayo Lushoto iliitwa Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wa Wajerumani. Mwaka 1906 kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilitoa bastola aliyoibuni Mmarekani John Browning, ya risasi sita, yenye urefu wa sentimita kumi na moja na kitu, ya kukaa katika mfuko wa fulana ya koti. Miaka minne baadaye ikatoka kubwa yake kidogo, nyembamba, imelainishwa pembe zote isije ikanasa katika nguo. Ni moja ya hizo za 1910 iliyotolewa mfukoni Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 na kumwua mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe. Vita vilivyofuata vilipanda hadi Usambara, na Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Wilhelmstal. Mwenye kupenda mzaha aweza kusema kuwa lile jina la Kijerumani lilifutwa na bastola nyembamba. Mzaha huo una mauti mengi ndani yake, na wapagazi wa milima hii wamo miongoni mwao.

Turudi kwa wamiliki wetu. Katika maongezi yao yote, hapana hata mmoja aliyewahi kumpiga mtu risasi. Walizungumza juu ya kuketi, kuinama, jasho, kutu, pamba za mfukoni zinazoziba mashine, mikanda na vitambaa. Walizungumza juu ya kubeba. Kile ambacho chombo kimeumbiwa hawakukitaja, kama vile watu wa nyumba moja wasivyomtaja mgonjwa aliyemo chumba cha ndani. Ila jina moja lilitajwa, na mzee wa Soni ndiye aliyelitaja. Novemba 2006, jioni, barabarani Dar es Salaam, palitokea ugomvi wa magari, wa namna inayotokea kila jioni. Dereva wa daladala aliuawa kwa risasi. Aliyeshitakiwa ni Ditopile Mzuzuri, mkuu wa mkoa wa Tabora wa wakati huo. Shitaka la mauaji lilikuja kubadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na mshitakiwa alifariki Aprili 2008 kabla ya hukumu, kwa hiyo hapana mahakama iliyosema neno la mwisho. Mzee hakutaka kumhukumu marehemu. Alisema tu kwamba foleni ile ile, ugomvi ule ule, matusi yale yale, bila chuma, yangekuwa hadithi ya kuchekesha nyumbani wakati wa chakula.

Wengine walinyamaza. Yule mama wa duka alijipapasa kiunoni, pengine bila kujua.

Mfanyabiashara wa mboga hatimaye alipata kibali cha kubadilisha, akaiuza ile nene kwa utaratibu, akanunua nyembamba. Safari ya kwanza alivua sweta Mombo, akabaki na shati jepesi, akaketi kwa mamantilie kama watu wengine. Mama yule alimtazama toka juu hadi chini. "Umepona, baba," alisema, na akamwongezea andazi moja bila malipo. Katika maisha yake yote ya silaha, alisema baadaye, hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi njema kuliko zote.

Yapo mambo ambayo bastola pana ilikuwa ikimzuilia bila yeye kujua kuwa inamzuilia. Hakuweza kukaa nayo mkekani matangani, miguu imekunjwa. Aliiacha nyumbani katika sefu, akaenda mikono mitupu. Hakuweza kuingia nayo arusini, maana vijana wangeiona akicheza. Na msikitini ndiko hasa hakuweza, kwa kuwa kusujudu kunainua shati. Unene wa chuma ulikuwa umemchorea mipaka, na mipaka ile ilikuwa ya haki, ingawa hakuiweka yeye. Chuma chembamba kiliifuta yote. Polepole kilianza kumfuata matangani. Kikamfuata arusini kwa mpwa wake. Nyumbani mkewe alimwekea sharti moja tu, hasemi naye kabla halijatimizwa: "Babu yao, kile chako kwanza," huku akiwashika wajukuu mkono mpaka asikie sefu imefungwa. Zaidi ya hapo hapakuwa tena na mahali ambapo chuma hakikufika, na mtu akizoea kubeba kitu kila mahali, kukiacha humtia hofu mpya ambayo hakuwa nayo alipokuwa hajawahi kukibeba.

Siku ya Idd alisujudu nacho. Hapana aliyeona. Shati halikuinuka, kanzu juu yake ilitulia, na kwa hesabu za wale wabishi wa unene na wembamba, chuma kilikuwa kimefaulu mtihani wake mkubwa kuliko wote. Sala ikaisha, khutuba ikaisha, watu wakainuka kupeana mikono na kukumbatiana. Akafika mbele ya mzee mmoja mfupi, aliyemfundisha Kurani utotoni, mtu wa kimo cha kifuani kwake. Mzee alipomkumbatia, mikono yake haikufika mabegani. Ilizunguka kiunoni.

Ikakaa pale, kitambo kidogo kuliko ilivyo desturi.

"Mwanangu," mzee alisema, kwa sauti ya chini, bila kumwachia, "humu ndani unamwogopa nani?"

"Hapana, shekhe. Hakuna."

Mzee akamwachia, akampangusa bega kama anayeondoa vumbi, akasema Idd mubarak, akamgeukia mtu wa pili.

Hakumwambia mtu yeyote habari ile, wala hakurejea kuitaja. Mfanyabiashara alisubiri kwa wiki kadhaa kusikia minong'ono sokoni, haikuja. Angalau minong'ono ingempa cha kujitetea. Alikuwa na majibu mengi, mengine mazuri: malori mawili, ng'ombe waliouzwa, fedha za watu. Yote yalikuwa majibu ya swali ambalo mzee hakuuliza.

Hakuirudisha bastola polisi. Fedha za wakulima bado hupita mikononi mwake, na barabara ya usiku ni ile ile. Alichofanya ni kuacha kusafiri siku ya Ijumaa. Mzigo huteremka Alhamisi. Ijumaa chuma hulala katika sefu, naye huenda msikitini kwa miguu, njia ya chini, akipita nyumba kwa nyumba. Siku hizo za mwanzo, anasema, kiuno kilimwasha.

Kulitokea msiba Mombo, Ijumaa moja ya Julai, ikabidi ateremke. Alitoka na asubuhi, mikono mitupu, ukungu umeushika mji. Basi lilipofika njia panda abiria walivua masweta, naye akashuka na kuketi kwa mamantilie kungojea watu wa mazishi. Chai ikaletwa. Mama yule akasimama na birika mkononi, akamtazama, akasikitika.

"Baba, imerudi tena?"

Ndipo alipojiangalia kifuani. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa.